Kuziba EGR: kibati, masizi na gari lililopona kwa sababu nyingine

Fundi alikata kopo la soda kwa mkasi wa bati, akalilaza juu ya gasketi ya zamani, akachora kwa msumari, akakata tena. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu nikimwangalia. Gari lilikuwa Hilux Surf ya 1997, injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada, na kwa miezi kadhaa lilikuwa linanitia aibu. Kila nikikanyaga mafuta, nyuma yangu linatanda wingu jeusi, bodaboda wananitukana. Kwenye mlima linapanda kama punda aliyebebeshwa magunia mawili.

"Bosi, hiyo EGR ndiyo inayokuua," aliniambia huku akirudishia boliti. "Gari zote hizi tunaziba. Kesho utanipigia mwenyewe kunishukuru."

Nilimpigia kweli, nikamshukuru. Moshi ulikuwa umepungua, gari limekuwa jepesi. Ilinichukua karibu miaka 2 kuelewa kwamba alichofanya kilileta matokeo, ila sababu aliyonipa haikuwa sahihi. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayofanya mjadala wa kuziba EGR usiishe: kila aliyeziba ana ushuhuda, na ushuhuda wake ni wa kweli.

Tuanze na kazi ya chombo chenyewe. EGR ni herufi 3 za Kiingereza zinazotaja mfumo wa kurudisha moshi ndani ya injini. Kuna njia inayotoka upande wa ekzosi kwenda upande wa hewa safi, na katikati ya njia hiyo kuna vali. Vali ikifunguka, sehemu ya moshi uliokwisha kuungua inarudi, inachanganyika na hewa mpya na kuingia tena kwenye silinda. Ukiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza unaona wazimu. Nani anamlisha mtu kinyesi chake?

Lakini fikiria jiko la mkaa. Wali umeshakauka, unataka moto wa taratibu, makaa yanawaka sana. Unafanyaje? Unayafukia kwa majivu kidogo. Majivu hayaungui, yameshaungua. Yanachukua nafasi, yanazuia hewa, yanameza joto, na moto unatulia bila kuzimika. Moshi unaorudishwa na EGR ndiyo majivu ya injini.

Moto unatulizwa kwa sababu hewa tunayovuta ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kwa kawaida nitrojeni haina ugomvi na mtu. Inaingia kwenye silinda na kutoka kama ilivyoingia. Joto la mwako likipanda sana, kuanzia nyuzi 1500 hivi za Selsiasi kwenda juu, nitrojeni na oksijeni zinaanza kushikana na kutengeneza oksidi za nitrojeni. Kadiri joto linavyozidi kupanda, ndivyo zinavyoongezeka kwa kasi. Hizi ndizo gesi zinazokereketa mapafu na kumwamshia mwenye pumu shida yake, na jua likizipiga pamoja na mvuke wa mafuta ambao haukuungua, zinazalisha ozoni hapa chini tunapovuta pumzi.

Mji uliolijua jambo hili kwa uchungu kabla ya wengine ni Los Angeles, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba ukungu uliokuwa unawatoa watu machozi mjini humo ulitokana na moshi wa magari na viwanda uliopikwa na jua. Sheria kali ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1970, na kufikia magari ya 1973 vali za EGR zilikuwa zimeenea kwenye injini za Marekani. Zile za kwanza zilikuwa za kubahatisha: utupu wa injini unavuta kiwambo cha mpira, vali inafunguka hata pasipotakiwa, gari linakwamakwama. Sifa mbaya ya EGR ilizaliwa hapo, na imerithishwa fundi kwa fundi mpaka imefika kwetu ndani ya magari ambayo mifumo yake ni tofauti kabisa.

Sasa kwenye fundo lenyewe. Watu wengi wanaamini EGR inakula nguvu ya gari muda wote, kwa hiyo ukiiziba unarudishiwa nguvu zako. Sivyo inavyofanya kazi. EGR nzima hufunguka injini ikiwa na mzigo mdogo au wa wastani: unatembea kilomita 70 kwa saa barabara ya tambarare, mguu umetulia. Ukikanyaga mpaka chini kupita lori, inafunga. Injini ikiwa ya baridi asubuhi, kwa kawaida imefunga. Kwenye injini za petroli inafunga pia gari likiwa limesimama linaunguruma, kwa sababu moshi ukiingia wakati huo gari halishiki sailensi, linatetemeka na pengine kuzimika. Dizeli ndiyo inayoweza kuifungua hata ikiwa imesimama, jambo ambalo tutalirudia tukifika kwenye foleni.

Kwa hiyo pale unapohitaji nguvu zote, vali nzima imeshajifunga yenyewe. Kibati hakiongezi kitu. Nguvu inapotea pale vali inapokwama ikiwa wazi. Masizi yamejaa kwenye kiti chake, haifungi tena, moshi unaingia muda wote, mpaka wakati wa kupanda mlima ambapo injini inalilia hewa safi. Kwenye dizeli matokeo yake ni moshi mweusi na gari zito. Kwenye petroli ni misi, yaani silinda kukosakosa kuwaka, na sailensi mbovu.

Yule fundi wangu hakulinganisha EGR iliyozibwa na EGR nzima. Alilinganisha iliyozibwa na iliyokufa. Kwenye mashindano hayo, kibati cha kopo la soda kitashinda kila siku.

Nililijua hilo siku gari lilipoanza tena tabia yake ya zamani. Nilimpelekea fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu asiyependa maneno, akafungua boliti mbili na kunionyesha. Kibati kilikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu katikati, kingo zake zimekunjamana kama plastiki iliyopitia motoni. Kipande kilichotoka hapo hatukukiona. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na moshi wa dizeli yenye tabo ikiwa na mzigo mkubwa unafika maeneo hayo hayo. Kopo la soda ni jembamba kama karatasi. Kipande kile kilikwenda ama kwenye hewa inayoingia silinda, ama kwenye bomba la moshi. Mpaka leo naamini kilitoka na moshi, maana kuamini vinginevyo kunaninyima usingizi.

Mzee akaing'oa vali nzima. Ndani ilikuwa nyeusi tii, uji mzito kama lami iliyoanza kukauka, na kijiti cha vali kimeganda humo hakisogei. Alipochungulia kwenye manifoldi ya hewa, bomba linaloigawia kila silinda hewa yake, alicheka peke yake, akaniita nije niingize kidole. Njia ambayo vidole viwili vingepita kwa raha ilikuwa imebaki ya kidole kimoja.

Lami ile haitengenezwi na EGR peke yake. Masizi makavu ni vumbi; yangepita tu. Yanashikana kwa sababu kuna ukungu wa oili unaotoka kwenye tumbo la injini kupitia mpira wa kupumulia, na mwingine unaovuja kwenye tabo lililochoka. Vumbi likikutana na oili linakuwa gundi. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja na umri mmoja yanaweza kuwa na manifoldi tofauti kabisa: moja lina tabo zima, nozeli nzuri za kunyunyizia mafuta na kichujio cha hewa kinachobadilishwa, jingine havipo. Vali iliyoziba mara nyingi inakuambia kuna kitu kingine kinachoumwa. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza inazalisha masizi mengi. Kichujio kilichojaa vumbi la barabara ya kokoto kinapunguza hewa, mwako unakuwa mchafu, masizi yanaongezeka. Ukiziba EGR na kuacha hayo, umeificha dalili moja tu.

Hapo ndipo foleni zetu zinapoingia. Dizeli iliyosimama inaunguruma huku EGR iko wazi, moshi wake hauna joto la kutosha, oili inaganda. Gari linalotumia saa 2 kutoka Mbagala hadi mjini Dar es Salaam linajijaza masizi kuliko linalokwenda Morogoro kila wiki. Mafuta nayo yalikuwa na mchango wake. Mwaka 2015 ndipo nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo salfa ilizidi kiwango hicho kwa mbali, na salfa ikikutana na unyevu kwenye njia ya moshi uliopoa inakuwa asidi inayokula chuma. Gari lililotumika hapa tangu zamani limeyabeba hayo yote.

Petroli na dizeli si ndugu katika jambo hili, na ushauri wa upande mmoja ukihamishiwa upande wa pili unaharibu.

Kwenye petroli, EGR inakusaidia mfukoni. Injini ya petroli inapotembea taratibu inavuta hewa kupitia kilango kilichofunguliwa kidogo, kama mtu anayekunywa madafu kwa mrija uliobanwa; kuvuta kwenyewe kunakula nguvu. Moshi ukijaza sehemu ya silinda, kilango kinaweza kufunguka zaidi kwa nguvu ile ile, injini inahema bila kubanwa, na mafuta yanapungua kidogo. Vilevile kompyuta imepanga wakati wa cheche ikijua moto umetulizwa. Ukiziba, cheche inabaki pale pale lakini moto ni mkali. Utasikia mlio kama njugu zinazotikiswa kwenye kopo unapokanyaga nusu mlimani. Huko ni kugonga, na kukiendelea kunatafuna pistoni. Hivyo mwenye gari la petroli anayeziba ili kuokoa mafuta anaelekea kinyume.

Mfano mzuri ni Prius ya kizazi cha 3, injini ya 2ZR-FXE ya lita 1.8, ambazo zimejaa mitaani siku hizi. Mgandamizo wake ni 13 kwa 1, na Toyota waliijenga ikitegemea moshi uliopozwa ili isigonge na isipate joto kupita kiasi. Njia zake za EGR huziba kwa masizi, na mafundi wengi wanaozifungua wanahusisha kuziba huko na gasketi za silinda hedi zinazoungua kwenye injini hizo. Dawa wanayoitoa ni kusafisha. Mtu akikushauri uweke kibati hapo, lipa soda yake uondoke.

Halafu kuna magari yasiyo na vali hiyo kabisa. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye IST na Probox nyingi haina vali ya EGR ya nje. Inatumia mfumo wa kubadili muda wa kufungua vali za silinda, hivyo moshi kidogo unabaki ndani bila kupitia bomba lolote. Mwenye IST akiambiwa EGR yake izibwe, aombe kwanza aonyeshwe ilipo. Mtafurahi wote wawili.

Kwenye dizeli hesabu inageuka, na hapa nakubali wanaoziba wana hoja. Dizeli haina kilango cha kuibana kama petroli, kwa hiyo faida ya mafuta haipo. EGR inaweza hata kuongeza ulaji kidogo. Moshi unapunguza oksijeni, masizi yanaongezeka, oili inaingia weusi haraka. Ukiziba EGR ya dizeli, moshi mweusi unapungua kweli hata kama vali ilikuwa nzima, oili inakaa safi muda mrefu zaidi, manifoldi haijazi. Ningekuwa natazama injini peke yake, ningeziba na kwenda kulala.

Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba kuziba kunaongeza joto na kutapasua silinda hedi, hasa kwenye 1KZ ambayo hedi zake zina sifa ya kupasuka. Hoja hiyo nayo ina kasoro. Hedi inapasuka gari likichemsha, au likivuta mzigo mlimani kwa muda mrefu, na wakati huo EGR nzima imeshafunga. Rejeta iliyoziba, feni iliyochoka na maji ya bomba badala ya dawa ya rejeta ndivyo vinavyoua hedi hizo.

Tatizo la kuziba dizeli liko nyuma ya gari, na halionekani. Gari la petroli lina masega kwenye bomba la moshi, yanayovunja oksidi za nitrojeni kabla hazijatoka, ikiwa bado yapo. Nasema ikiwa bado yapo kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, na wanunuzi wake wanazunguka gereji zetu wakiyatafuta. Masega ya aina hiyo hayafanyi kazi hiyo kwenye dizeli, kwa kuwa moshi wa dizeli una oksijeni nyingi mno. Kwa dizeli ya miaka ya 1990 na 2000, kabla ya mifumo ya kunyunyiza maji ya urea, EGR ndiyo kizuizi cha oksidi za nitrojeni. Baada yake hakuna kingine.

Na gesi inayotoka kwa wingi kwenye ekzosi, oksidi ya nitriki, haina rangi. Kwa hiyo unaziba EGR, moshi mweusi unapungua, majirani wanakupongeza, na kwa macho gari limekuwa safi. Kumbe umepunguza masizi yanayoonekana na kuongeza gesi isiyoonekana. Wahandisi wamepigana na mizani hii miaka yote: ukikandamiza kimoja, kingine kinainuka. Ndiyo maana magari ya baadaye yakawekewa EGR kwa gesi na kichujio cha masizi kwa moshi mweusi, vyote viwili kwa pamoja.

Kampuni kubwa nayo iliteleza kwenye mizani hiyo hiyo. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka kwenye dizeli zake programu inayotambua gari likiwa kwenye kipimo. Kwenye kipimo, udhibiti wa gesi unafanya kazi kikamilifu, barabarani, unalegezwa. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Yalipoitwa kurekebishwa na EGR ikaanza kufanya kazi zaidi, wamiliki wengi Ulaya walilalamika kwamba vali zao zinaziba na kufa mapema. Fundi wangu wa kopo la soda na wahandisi wa Volkswagen walikuwa wanakimbia tatizo lile lile, tofauti ni zana.

Kuna hali moja ambayo mtu anaweza kudhani kibati kitaokoa injini kwa haraka, nayo ni kipoza moshi kinachovuja. Dizeli nyingi za baada ya 2000 zina kisanduku kinachopitisha maji ya rejeta kupoza moshi kabla haujarudi. Kikitoboka ndani, maji yanapungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka, na yakiingia mengi kwenye silinda injini inavunjika, maana maji hayagandamizwi. Mwaka 2018 BMW iliita zaidi ya magari milioni 1 ya dizeli baada ya baadhi kuwaka moto, hasa Korea Kusini. Maji yaliyovuja kwenye kipoza yalichanganyika na masizi, na masizi hayo yakashika moto. Ukiona maji yanapotea kwa njia hiyo, usiweke kibati halafu uendelee na safari. Kibati kinazuia moshi, maji yanaendelea kuvuja. Kipoza kibadilishwe, au maji yake yazungushwe pembeni.

Kuhusu kompyuta ya gari: kwenye magari ya zamani yenye vali ya utupu, kama Surf yangu, kompyuta mara nyingi haijui kinachoendelea, taa ya injini haiwaki. Magari mapya zaidi yanajua. Mengine yana sensa juu ya vali yenyewe; mengine yanapima hewa inayoingia. Vali ikifunguka, hewa safi inatakiwa ipungue, na isipopungua kompyuta inang'amua. Ukichomeka mashine ya kupimia utaona P0401, maana yake moshi unaorudi hautoshi, na baadhi ya magari yanajipunguzia nguvu makusudi. Hapo ndipo mafundi wanatoboa tundu dogo katikati ya kibati ili kuidanganya sensa, au wanampeleka mteja kwa kijana mwenye kompyuta mpakato afute EGR kwenye programu. Kufuta huko kunafanya kazi mikononi mwa anayejua. Mikononi mwa anayebahatisha, unarudi nyumbani na gari lisilowaka. Ukikubali, hakikisha ametunza programu yako ya awali kabla hajagusa kitu.

Kisheria, nchi zilizotuuzia ujuzi huu ni kali kuliko sisi. Marekani inakataza kuondoa kifaa cha kudhibiti moshi hata kwa mwenye gari. Uingereza, tangu Mei 2018, kwenye ukaguzi wa kila mwaka gari linafelishwa kifaa cha aina hiyo kikionekana kimeondolewa au kuchezewa. Mimi tangu nianze kuendesha sijawahi kusimamishwa na mtu mwenye kipima gesi. Nimesimamishwa kwa kioo, tairi na stika.

Basi yule mzee alifanyaje? Aliloweka vali kwenye dawa ya kuoshea kabureta usiku mzima, asubuhi akaisugua kwa brashi ya waya laini mpaka kijiti kikaanza kuteleza. Manifoldi aliishusha, akakwangua kwa kijiti cha mbao, akaiosha kwa dizeli na sabuni. Nilipopendekeza magadi makali ya kuzibulia vyoo alinitazama kama mtoto: manifoldi ni alumini, magadi hayo yanaila. Hakukubali pia kunyunyiza dawa ndani injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu pande kubwa la masizi likibanduka linakwenda moja kwa moja kwenye vali za silinda au kwenye tabo.

Kisha akanifundisha kipimo cha bure. Vali ya utupu ina kimpira chembamba juu yake. Ukikichomoa na kuvuta hewa kwa mdomo, kiwambo kizima kinashika, ulimi wako unanata. Kilichotoboka kinapitisha hewa tu. Injini ikiwa imesimama inaunguruma, ukivuta, mlio lazima ubadilike, kwa petroli mpaka itake kuzimika. Usipobadilika, njia imeziba. Ukichomoa kimpira chote na gari bado linatoa moshi wake, huenda vali imekwama wazi. Dakika 5, bila mashine. Cha kwangu kilikuwa kizima, lakini mpira wa utupu ulikuwa umepasuka kwenye kona. Aliubadilisha kwa bei ya chai na vitumbua.

Gari likawa jepesi kama siku ile ya kibati. Sikuona tofauti ya nguvu, na nilipima kwenye mlima ule ule. Tofauti niliyoiona baadaye ni oili: inakuwa nyeusi mapema, kwa hiyo naibadilisha kila kilomita 5,000 bila kusubiri. Vali naifungua na kuisafisha mara moja kwa mwaka, kazi ya saa 1. Nimeamua kuishi nayo hivyo, kwa kuwa nyumba yangu iko kando ya barabara na wanangu wanavuta hewa ile ile ninayoitoa.

Ukiamua tofauti kwa dizeli yako, basi angalau fanya kazi isiyokurudia. Bamba la chuma kisichoshika kutu, milimita 1 au zaidi, gasketi mpya pande zote mbili, na likae upande wa ekzosi ili bomba lote libaki la baridi. Kimpira cha utupu usikiache wazi kinavuta hewa. Mafundi wa zamani wanakiziba kwa parafujo au gololi, na kwa vali za utupu zinazojifunga vizuri hiyo parafujo peke yake inatosha, hata bamba halihitajiki. Siku ukibadili mawazo unaichomoa.

Na kabla ya kuamua lolote, angalia kama gari lako halijazibwa tayari. Mengi yaliyopita mikononi mwa watu 3 au 4 hapa nchini yameshakatiwa kibati bila mwenye sasa kuambiwa. Washa tochi, tafuta vali mahali inapoungana na manifoldi, tazama ubavuni kwenye mstari wa gasketi. Gasketi ya kiwanda ina kingo zinazofuata umbo la chuma. Kibati cha mtaani karibu kila mara kina pembe moja iliyozidi, inayong'aa. Cha kwangu kilikuwa bado kinasomeka rangi nyekundu ya soda.